Nyekundu si jina la oili

Hotuba kwa madereva wa teksi, wenye magari na mafundi chipukizi, Kariobangi, Nairobi

Bwana mwenyekiti, wazee wetu mliofika mapema mkaketi mbele, kina mama, ndugu zangu madereva, na ninyi vijana wangu mliosimama kule ukutani na ovaroli zenu: hamjambo.

Mwenyekiti aliponialika aliniambia nichague jambo moja tu. Jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kunichagua, maana huja kwenye gereji yangu karibu kila wiki, likivutwa kwa kamba. Gari linaingizwa, mwenyewe anashuka amechoka, ananiambia: "Fundi, nilibadilisha oili ya giaboksi juzi tu, na sasa gari halisongi." Namuuliza, uliweka oili gani? Ananijibu kwa neno moja. "Nyekundu."

Nimekuja kwa sababu ya neno hilo. Nyekundu si jina la oili. Ni rangi iliyotiwa makusudi, ili ukiona tone chini ya gari asubuhi ujue limetoka kwenye giaboksi na si kwenye injini. Oili ya Toyota ya 1998 ni nyekundu. Ya Toyota ya 2008 ni nyekundu. Ya Honda ni nyekundu, ya Mitsubishi nyekundu, na hizo zote ni oili tofauti. Ukienda duka la spea pale Kirinyaga Road ukasema, "Nipe nyekundu lita nne," muuzaji atakupa nyekundu. Hajakudanganya. Umeitisha rangi, amekupa rangi.

Ngoja nianze ndani ya giaboksi kwenyewe, kwa sababu mtu akielewa kinachotendeka mle hahitaji kukariri.

Wengi wenu mlijifunza kuendesha gari la gia za mkono. Mnaijua klachi. Unainua mguu polepole, unahisi gari likishika. Ukiinua kwa pupa gari linaruka na kuzima, ukikawia sana klachi inanuka. Sasa tuingie kwenye otomatiki. Mle ndani kuna klachi kadhaa: visahani vyembamba vilivyobandikwa kitu kama karatasi ngumu, vimepangwa kwa zamu na visahani vya chuma, vyote vikiogelea katika oili. Gia inapotoka ya kwanza kwenda ya pili, klachi moja inaachia, nyingine inashika, chini ya sekunde moja. Je, ni nani anayeamua ishike kwa ulaini au kwa kishindo? Hakuna mguu mle. Mguu ni oili. Presha ndiyo inayovisukuma visahani vikutane, lakini vitateleza kiasi gani kabla ya kushikana, na vitashika vipi mwishowe, hilo limo katika kemikali za oili yenyewe. Aliyeichora giaboksi na aliyeichanganya oili walikubaliana. Ukibadilisha aina ya oili umebadilisha mguu wa dereva, na kompyuta ya gari haijui.

Oili hiyo hiyo ndiyo inayobeba nguvu ya injini ndani ya konvata, ile ngoma ya duara iliyo kati ya injini na giaboksi. Ndiyo inayosukuma vali, inayolainisha beringi, inayobeba joto kulipeleka kwenye radieta. Kwa gari la gia za mkono ukikosea oili kidogo utahisi gia zikigoma asubuhi. Kwa otomatiki kosa hilo hilo linafika hadi kwenye kila klachi.

Haya majina yanayotuchanganya yalitoka wapi? General Motors ya Marekani ilianza kuuza otomatiki kwa wingi katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Mwaka 1949 wakatoa kipimo cha kwanza cha oili yake, wakakiita Type A. Ile tabia ya kuteleza vizuri niliyoitaja ilipatikana kwa kitu ambacho vijana hawa hawataamini: mafuta ya nyangumi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyangumi walikuwa wakivuliwa ili magari ya Marekani yabadilishe gia bila kishindo. Sheria ya kuwalinda nyangumi ilipokuja, wakemia wakalazimika kutafuta kemikali nyingine. Wakati huo jina lilikwisha kuwa Dexron. Ikaja Dexron II, na katika miaka ya 1990 Dexron III. Ford nao walifuata njia yao: oili yao ya Type F haikuwa na kemikali za kuteleza kabisa, ilitakiwa ishike kwa nguvu. Hapo ndipo oili mbili za rangi moja zilipoanza kuwa na tabia mbili zinazopingana.

Wajapani kwa miaka mingi walitumia Dexron. Ndiyo maana Corolla ile tunayoiita 110, na wenzake wa miaka hiyo, nyingi zinataka Dexron II au III. Nissan wa zamani waliiita Matic-D, na ni ya ukoo huo huo. Halafu njia zikaachana. Ndani ya konvata kuna klachi ndogo inayofunga gari likiwa katika mwendo, ili petroli isipotee bure. Zamani ilifunga kabisa au iliachia kabisa. Katika miaka ya 1990 ukaenea mtindo wa kuifanya iteleze kidogo kwa makusudi, ili ifunge mapema zaidi na petroli iokolewe. Kuteleza kwa namna hiyo bila kutetemeka kulihitaji oili mpya. Toyota wakatoa T-IV, kisha miaka ya 2000 wakatoa WS. Honda walikuwa na Z1, baadaye DW-1. Mitsubishi SP-II na SP-III. Nissan wakaongeza Matic-J, kisha Matic-S. Mazda wana zao.

Ukiweka isiyofaa, mara nyingi dalili ya kwanza ni hii: uko Thika Road, lami safi, mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa, unakanyaga kidogo, na gari linatetemeka kana kwamba linapita juu ya kokoto. Watu hukimbilia kubadilisha plagi na maunti za injini. Wanatumia pesa. Ni ile klachi ndogo ya konvata inayoshika na kuachia, kushika na kuachia.

Sasa tuje kwetu. Sheria yetu inaruhusu gari lililotumika liingie Kenya likiwa halijapita miaka 8. Wengi wetu hulinunua likiwa na miaka 7, likishuka Mombasa, tukaliita jipya. Halafu tunakaa nalo miaka 10, 15, linauzwa kwa binamu, linauzwa kwa jirani. Kwa hivyo gari kuukuu la Nairobi ni gari lililotengenezwa Japani kwa ajili ya Mjapani, kitabu chake ni cha Kijapani, stika zake ni za Kijapani, na mmiliki wa tatu hajui hata kama kitabu kilikuwepo. Kilomita zilizo kwenye dashibodi nazo msiziamini sana. Wapo wanaozirudisha nyuma. Katika hali hiyo mtu anaulizia oili kwa jina la gari. "Nataka oili ya Fielder."

Nawaomba mnisikilize hapa, maana hapa ndipo magari yanapofia. Hakuna oili ya Fielder. Fielder ya NZE121, ile iliyotoka kuanzia mwaka 2000, ina otomatiki ya gia nne na inataka T-IV. Fielder iliyofuata, ya 141, nyingi zake zina CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za kawaida, nitaieleza baadaye, na zinataka oili ya CVT inayoitwa TC. Iliyofuata hiyo, ya 161, CVT yake inataka FE. Jina moja mgongoni mwa gari, oili tatu. X-Trail ya kwanza, T30, ina otomatiki ya gia nne. T31 iliyoifuata ina CVT na inataka NS-2. Wish ya kwanza na Wish ya pili ni hivyo hivyo, na hata Wish ya kwanza kuna chache zilizokuja na CVT. Basi usiulizie kwa jina la gari. Oili haiwekwi ndani ya jina, inawekwa ndani ya giaboksi.

Utaijuaje giaboksi yako? Fungua boneti. Magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo yana kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, na kwenye kile kijiti, chuma kimegongwa maandishi. Kifute. Kigeuze kwenye mwanga. Utasoma Dexron II, au T-IV, au utasoma CVT na jina lake. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 20 na sijaona msaada wa bei nafuu kuliko ule. Wengine wana vijiti vilivyobadilishwa baada ya kupotea, kwa hivyo hakikisha kwa njia ya pili: ile bamba ndogo ya chuma iliyo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kwa Toyota kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE, na mbele yake kuna herufi na namba. Ukiona U340 au U341, ni gia nne: za awali zinataka T-IV, za baadaye WS, kwa hivyo fuata kijiti. Ukiona inaanza na K, kama K310, ni CVT. A245 ni ya zamani, ya Dexron. Andika namba hiyo kwenye simu yako leo. Na kama una kile kitabu cha Kijapani usikitupe. Jina la oili huwa limeandikwa kwa herufi zetu katikati ya maandishi yao, kwenye kurasa za nyuma zenye majedwali ya lita, na siku hizi simu inaweza kupiga picha ukurasa na kutafsiri yaliyobaki.

Kuhusu CVT nitawaambia kilichonipata mimi.

Mwaka 2011 aliniletea gari mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mtu mzima, mstaarabu sana. Alikuwa amelinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika. Aliniambia tu, "Mwanangu, nimeambiwa nibadilishe oili zote." Nilibadilisha ya injini vizuri. Ya giaboksi nilimtuma kijana dukani alete ATF, yaani oili ya otomatiki, akaleta nyekundu, nikamwaga. Sikuangalia kijiti. Sikusoma bamba. Niliona gari dogo la Kijapani, na nilikuwa nimeyafanya mengi kama hilo. Wiki tatu baadaye akanipigia simu akiwa kando ya barabara, mlima wa kuelekea Limuru, gari likiwa limepiga kelele kama mbwa anayelia, kisha injini ikanguruma bila gari kusonga.

Tulipoifungua ndipo nilipoona ubaya wa nilichofanya. CVT haina gia zile za kawaida. Ina puli mbili zinazojipanua na kujibana, na kati yake kuna mkanda wa chuma ulioundwa kwa mamia ya vipande vidogo vya chuma. Nguvu yote ya injini inapita pale ambapo chuma kinabana chuma. Oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kukwaruzana. Oili ya otomatiki ya kawaida ina kemikali za kuruhusu kuteleza, zile nilizowaambia zilianza na nyangumi. Nilichukua kitu kinachotakiwa kisiteleze kabisa nikakipaka cha kutelezesha. Puli zilikuwa na mikwaruzo ambayo ukipitisha ukucha unanasa. Mkanda ulikuwa umekwisha. Nilimtafutia giaboksi nyingine iliyotoka Japani, nikailipa mwenyewe kidogo kidogo kwa miezi saba. Yule mama hakunitukana. Alikuwa akipanda matatu mbili kila asubuhi kwenda kufundisha, na mimi nikijua kwa nini.

Tangu siku ile hakuna bolti ya kumwagia oili inayofunguliwa kwangu kabla jina la oili halijaandikwa ubaoni kwa chaki. Vijana wangu wanajua. Wakishindwa kulipata, gari linalala.

Kwa hivyo, madereva: mkiendesha na hamsikii gia zikibadilika kabisa, mkikanyaga sauti ya injini inapanda na kukaa pale pale huku mwendo ukiongezeka, ichukulieni ni CVT mpaka bamba liseme vinginevyo.

Sasa tuseme giaboksi yako ni ile ya zamani ya gia nne na kijiti kimeandikwa Dexron II. Dukani hutaipata II. Chukua III, ilikuja kuirithi. Lakini kuna jambo watu wengi hawalijui. General Motors waliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006. Wakaingiza Dexron VI badala yake. Kwa hivyo mkebe ulioandikwa Dexron III leo hauna mtu kule Marekani anayeukagua. Ni neno la kampuni iliyotengeneza oili hiyo. Ndiyo maana kwa oili hii jina la mtengenezaji lina uzito kuliko bei. Nunua ya kampuni ambayo itaona haya ikiumbuka.

Je, Dexron VI? Kwa magari yao wenyewe General Motors walisema inaweza kuchukua nafasi ya III. Mimi kwa giaboksi ya Kijapani yenye miaka 25 siiweki kama naweza kupata III nzuri. Sababu ni wepesi. Oili ya ukoo wa Dexron III, ikiwa na joto la nyuzi 100, mnato wake uko karibu na sentistoki 7. Dexron VI imewekewa kikomo cha 6.4. WS ya Toyota iko karibu na 5.5. Giaboksi mpya ina sili laini na nafasi finyu, inafurahia oili nyepesi. Giaboksi kuukuu ina sili zilizokauka na pampu iliyolika. Ukiipa oili nyepesi presha inapungua, klachi zinachelewa kushika, na kuchelewa ndiko kunakozichoma. Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi msiweke WS mahali palipoandikwa T-IV. Muuzaji atakwambia ni ya Toyota na ni mpya zaidi. Ni kweli ni ya Toyota na ni mpya zaidi. Na Toyota wenyewe walisema zisichanganywe.

Ile mikebe inayosema inafaa magari yote? Siipingi yote. Kampuni kubwa huandika nyuma orodha ya vipimo ambavyo oili hiyo inaweza kutimiza, na kwa otomatiki ya gia nne, kama T-IV au SP-III imetajwa pale kwa jina na huipati halisi, nitaitumia na nitalala usingizi. Someni lakini lugha yake. Kuna tofauti kati ya mkebe unaosema mtengenezaji wa gari ameidhinisha, na mkebe unaosema sisi tunaona inafaa. Wa pili ni maoni. Kwa CVT sikubali maoni ya mtu, naweka ile iliyotajwa.

Na mkebe wenyewe uangalieni. Angalieni stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, angalieni kama kifuniko kina ule mkanda wa plastiki unaokatika mara ya kwanza. Msinunue oili ya giaboksi ya kupimiwa kutoka kwenye pipa kwa chupa ya soda. Najua shida za pesa, sote tunaishi hapa. Lakini lita nne za oili halisi hazifikii hata robo ya bei ya giaboksi iliyotumika, na hapo sijataja siku ambazo teksi itakuwa imelala.

Watu husema Nairobi ni baridi, giaboksi haziteseki kama Mombasa. Tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ni kweli upepo ni mzuri. Joto la giaboksi lakini halitoki kwa jua. Linatoka Jogoo Road saa kumi na mbili jioni. Gari liko kwenye D, mguu uko kwenye breki, injini inazungusha oili ndani ya konvata na oili haina pa kwenda, inajisugua tu na kuchemka, na mbele hakuna upepo unaoingia kwenye radieta. Mafundi wa zamani wana kipimo cha kukadiria: joto likizidi kawaida kwa nyuzi 10 au 11, umri wa oili unapungua kwa nusu. Kwa dereva wa teksi anayekaa katika msongamano saa tano kwa siku, ile habari ya oili ya kudumu maisha yote ya gari ni maneno ya mahali pengine. Mimi wateja wangu nawabadilishia kila kilomita 40,000, wa teksi mapema kidogo.

Na hapa nina ombi kuhusu maji ya bomba. Oili ya giaboksi hupozwa na bomba linalopita ndani ya tangi la radieta. Ukiendesha miaka mitano na maji matupu bila kuulanti, kutu inakula lile bomba mpaka linatoboka. Maji yanaingia kwenye giaboksi. Utachomoa kijiti uone rangi ya yogati ya stroberi. Gundi iliyoshikilia zile karatasi za klachi haivumilii maji, inaachia. Ukiiona rangi hiyo usiendeshe hata kilomita moja kunitafuta. Nipigie, nije.

Sasa lile swali ambalo najua linanisubiri, naona mzee pale ameshainua mkono. Ndiyo, mzee wangu, nalijibu sasa. Imani imeenea Nairobi nzima kwamba giaboksi ambayo haijawahi kubadilishwa oili, ukiibadilisha unaiua. Kuna ukweli ndani yake, lakini umekaa vibaya. Oili iliyozeeka hujaa unga uliotoka kwenye klachi zilizolika, na unga huo huzisaidia klachi zilizochoka kushika. Ukiondoa wote kwa siku moja, klachi zilizokuwa zimekwisha zinaonekana kuwa zimekwisha. Mara nyingi pia mtu huibadilisha kwa sababu gari lilikuwa limeanza kuteleza, lingekufa tu. Na mara nyingi zaidi, oili iliyowekwa haikuwa yake.

Kwa hiyo natazama kwanza. Natoa tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu iliyofifia au kahawia, bila harufu ya kuungua, na gari linabadilisha gia vizuri: tunabadilisha, kwa upole. Nyeusi, inanuka kama ugali ulioungua, na gari linateleza: namwambia mwenyewe kwamba oili haitamponya, aanze kuweka akiba. Si maneno matamu lakini ni pesa zake.

Kwa upole maana yake siitumii ile mashine ya kusukuma oili kwa presha kwenye giaboksi kuukuu. Nafungua bolti ya chini, inatoka inayotoka, narudisha kiasi kile kile. Giaboksi ndogo kama hizi hubeba lita 6 au 7 kwa jumla, na ukimwaga zinatoka kama 3, zilizobaki ziko ndani ya konvata na kwenye mabomba. Kama jumla ni 7 na unatoa 3 kila mara, baada ya mara tatu oili ya zamani iliyobaki ni kama asilimia 19. Mwaga leo, endesha wiki mbili, mwaga tena, endesha, mwaga mara ya tatu. Katikati fungua sampu, ile karai ya oili iliyo chini ya giaboksi, safisha chujio, tazama zile sumaku. Tope laini la kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande vinavyong'aa vyenye ncha si uzee. Na ile oili chafu iwekeni kwenye mtungi. Mkiimwaga kwenye mtaro inaishia Mto Nairobi, na kuna watu wanalima mboga huko chini.

Pima inayotoka. Kijana, narudia kwa ajili yako: pima inayotoka, kabla hujaweka ya kuingia. Ikizidi inachapwa na gia mpaka inatoa povu, na povu halina presha. Kisha kwa Toyota yenye kijiti, endesha gari dakika kama 15 lipate joto, simamisha mahali tambarare, injini ikiendelea kunguruma pitisha mkono wa gia polepole kila hatua mpaka chini na urudi P, futa kijiti kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, usome alama ya HOT. Honda si hivyo: unazima injini kwanza, kisha unasoma upesi kabla ya dakika na nusu kupita. Mitsubishi nyingi za zamani hupimwa zikiwa N. Zile za WS zisizo na kijiti zina bolti ya kupimia na hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 35 hadi 45, hizo mleteni fundi mwenye kifaa cha kusoma joto. Na wenye Subaru wa zamani, mna vijiti viwili: kimoja cha giaboksi, kingine cha difu ya mbele, na difu inataka oili yake nzito. Wapo waliomwaga moja wakajaza nyingine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilichobakiza hakisemeki nikiwa nimesimama hapa. Nimeona magari kama 20 pale uwanjani, na nimeleta chaki na ubao wangu wa gereji. Kila mwenye gari afungue boneti, tusome kijiti na bamba lake, jina la oili yake liandikwe ubaoni na alipige picha. Tuanze na ile Corolla nyeupe karibu na lango, iliyofika mwisho. Giaboksi yake bado ina joto.